Sisimizi Aliyeleweshwa

Chini ya kitanda changu kuna bati la biskuti, yale mabati ya bluu ya Krismasi ambayo baadaye hugeuka kuwa ya sindano na nyuzi. Langu halina nyuzi. Lina wadudu 23 waliochomwa pini juu ya stairofomu niliyoikata kutoka kwenye katoni ya televisheni. Walitakiwa kuwa 60. Ilikuwa kazi ya somo moja mwaka wa pili chuoni: kusanya, ua, kausha, andika lebo, peleka. Sikupeleka. Muhula huo karo ilikataa kabisa kupatikana, nikazuiwa kufanya mtihani, nikapanda matatu kurudi nyumbani na begi la nguo na bati mapajani. Nilimwambia kila mtu narudi muhula ujao. Hiyo ilikuwa Novemba 2021.

Bati nililisahau hadi mwaka jana, niliponunua lenzi ndogo ya kubana kwenye simu kwa jamaa mmoja wa Luthuli Avenue. Nilikuwa na imani kwamba mwandishi anayejipigia picha analipwa mara mbili. (Halipwi mara mbili.) Nikakumbuka mbawakawa wangu wa kijani, yule aliyekuwa aking'aa kama karatasi ya peremende, nikamtoa, nikamweka dirishani penye mwanga na kumpiga picha.

Kusema ukweli, niliona aibu. Kwa macho alikuwa kito. Kwenye skrini alikuwa kitu kilichofagiliwa uvunguni, na kweli alikuwa ametoka uvunguni. Mgongoni alikuwa na unyuzi mwekundu wa blanketi. Kila chembe ya vumbi ilionekana kubwa kama jiwe la kujengea. Miguu ilikuwa imekunjamana tumboni, kipapasio kimoja hakipo, na katikati ya mwili tu ndiko picha ilikuwa wazi. Kichwa na makalio vilikuwa ukungu mtupu. Nilidhani kosa ni la lenzi. Nilipoanza kusoma jinsi wenzangu wanavyofanya, nikagundua kwamba kosa lilianza kitambo, siku nilipomtia kwenye bati.

*

Tatizo langu lina zaidi ya miaka 350. Robert Hooke alikuwa msimamizi wa majaribio katika Royal Society, chama cha wanasayansi cha London. Mwaka 1665 alichapisha Micrographia, kitabu kikubwa cha vitu alivyoviona kwa hadubini: ncha ya sindano, kipande cha kizibo, ukungu, jicho la nzi. Kiroboto alichorwa kwa ukubwa usioingia kwenye ukurasa, ikabidi karatasi yake ikunjwe ndani ya kitabu na msomaji aikunjue. Samuel Pepys, afisa wa jeshi la majini aliyeandika shajara yake karibu kila siku, alikaa na kitabu hicho hadi saa nane usiku.

Katika kitabu chote hicho, mdudu aliyenifanya nicheke peke yangu ni sisimizi. Hooke anaeleza kwamba sisimizi alimsumbua kuliko wadudu wengi. Akimgandisha miguu kwa nta au gundi, mwili unajikunja na kujipinda hata haumwoni vizuri. Akimuua, umbo linaharibika, kwa sababu viumbe wadogo hivyo hunyauka upesi. Basi akanasa kadhaa kwenye kisanduku, akachagua mrefu kuliko wenzake, kama kocha wa voliboli, akamtumbukiza ndani ya pombe kali. Sisimizi alihangaika, viputo vikamtoka mdomoni, akatulia. Amelewa chakari. Hooke akamtoa, akamlaza, akaanza kazi. Baada ya kama saa moja yule sisimizi akazinduka ghafla kama mtu aliyeamshwa kutoka usingizi wa ulevi, akakimbia zake. Akakamatwa, akaleweshwa tena. Akazinduka tena. Mara ya tatu akaachwa ndani ya pombe kwa saa kadhaa, akatolewa, na baada ya saa tatu au nne za kukauka akaamka vilevile.

Hooke hakuwa na kamera, lakini alikuwa tayari ameshakutana na kila kitu kinachomsumbua mpiga picha wa wadudu hadi leo. Aliye hai hatulii. Aliyekufa hatulii pia, ila kwa namna yake: anakauka, anafifia rangi, anakunja miguu, macho yanabonyea. Kati ya hali hizo mbili kuna muda mfupi ambao mdudu ametulia na bado anafanana na alivyokuwa. Kazi yote ya kuandaa wadudu ni kuurefusha muda huo, au kuurudisha ukishapita.

*

Waliokuja baadaye hawakuhangaika kulewesha. Karne ya 19 ilikuwa karne ya chupa. Unaweka sianidi chini, unaimwagia plasta juu ili mvuke upite lakini sumu isimwagike, unafunga kizibo, na kila kipepeo anayeingia hatoki. Wengine walitumia majani ya mti uitwao laureli yaliyopondwa, ambayo hutoa sumu hiyohiyo kidogo kidogo. Sisi chuoni tulitumia pamba iliyoloweshwa kemikali yenye harufu ya dawa ya kutoa rangi ya kucha. Nilikuwa nikitoka maabara nanuka kama saluni.

Baada ya chupa kuna pini, na pini ina sheria zake. Mbawakawa huchomwa kupitia kifuniko cha bawa la kulia, kamwe si katikati, ili upande wa kushoto ubaki mzima. Wadudu ni sawa kulia na kushoto, kwa hiyo pini ikiharibu upande mmoja, mwingine unabaki kama nakala. Sheria hii nilipoisikia darasani niliiona ni ya watu wasio na kazi. Leo nikitafuta upande wa kuelekezea lenzi, nawashukuru.

Halafu kuna adui wa baada ya kifo. Alfred Russel Wallace, Mwingereza aliyekaa miaka minane katika visiwa vya Malay kuanzia 1854, alirudi kwao na vielelezo zaidi ya 125,000, wengi wao mbawakawa. Mwaka 1858 alikuwa New Guinea, na huko kilichomchosha ni sisimizi. Walipanda mezani akiwa anapanga wadudu wake, wakawabeba mbele ya pua yake, hata wale waliokwisha kugandishwa kwa gundi kwenye kadi waliwang'oa. Ni kama jamaa zake yule mlevi wa London walikuwa wamekuja kulipiza kisasi. Kwenye majumba ya makumbusho adui ni mbawakawa wadogo ambao viluwiluwi vyao hula wadudu wakavu. Unafungua sanduku siku moja, unakuta pini zimesimama wima na chini ya kila pini rundo la unga. Wadudu wangu 37 wa kufikisha 60 sikuwahi kuwakamata, lakini wengine watano au sita niliokuwa nao waliishia unga, kwa sababu sikuweka hata kidonge kimoja cha nafthalini, vile vyeupe ambavyo mama huweka katikati ya nguo.

Aliyeupeleka mchezo huu mbali zaidi alikuwa Ladislas Starevich. Mwaka 1910 alikuwa msimamizi wa jumba la makumbusho mjini Kaunas, Lithuania, uliokuwa chini ya dola ya Urusi. Alitaka kupiga filamu ya mbawakawa wenye taya kama pembe wakipigana. Hao hupigana usiku. Kila alipowasha taa, wapiganaji waligoma. Basi akachukua waliokufa, akawatoa miguu, akairudishia kwa waya na lakiri ile ya kufungia barua, akawasogeza kidogo kidogo na kupiga picha moja moja. Filamu ilipochezwa, mbawakawa walipigana kwelikweli. Inasemekana watazamaji wa filamu zake waliamini kwamba huyu bwana amefundisha wadudu hai kuigiza. Hivyo ndivyo mmoja wa waanzilishi wa filamu za vibonzo alivyopata kazi, kwa sababu mdudu alikataa kupigana mbele ya taa.

*

Kamera nayo ilileta ugumu wake. Karibu na mwaka 1840, upigaji picha ukiwa bado mchanga, William Henry Fox Talbot alikwisha kupiga mabawa ya wadudu kupitia hadubini ya mwanga wa jua. Nadhani si bahati kwamba alianza na mabawa. Bawa ni bapa. Mdudu mzima ana kina, na ukimkaribia sana, sehemu inayoonekana wazi inakuwa nyembamba kuliko unywele. Ukiona jicho vizuri, kipapasio kinapotea. Ndiyo sababu mbawakawa wangu alionekana katikati tu. Mchoraji kama Hooke hakupata shida hiyo, maana aliangalia sehemu moja, akachora, akasogeza hadubini, akachora nyingine, mwishowe akaunganisha vyote kwenye karatasi moja. Wapiga picha walisubiri hadi enzi ya kompyuta ndipo wakaweza kufanya alichofanya yeye: piga picha nyingi, kila moja imesogea kidogo mbele, kisha programu kama Helicon Focus au Zerene Stacker ichukue sehemu iliyo wazi ya kila picha na kuzishona pamoja.

Mwingereza Levon Biss amefanya hivyo mpaka mwisho wa uwezo. Kwa maonyesho yake ya Microsculpture, yaliyofunguliwa mwaka 2016 katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Oxford, alimgawa kila mdudu katika sehemu karibu 30, kila sehemu akaitengea taa zake, akawa anaisogeza kamera maikroni 10 kila mara. Unywele wa binadamu una unene wa maikroni kama 75. Picha moja ya mdudu wa milimita chache ilihitaji picha kati ya 8,000 na 10,000, na wiki kadhaa za kazi. Ukiziona unapata kizunguzungu. Mgongo wa mdudu unakuwa nchi yenye mabonde na misitu.

Lakini soma tena: wiki kadhaa, picha elfu nane. Mdudu akiwa na chembe ya vumbi, chembe hiyo itapigwa picha kwa uangalifu uleule. Akiwa amelegea, akainamisha kipapasio robo milimita usiku wa tatu, kazi yote imeharibika. Kwa hiyo picha hizo zilianzia kwa mtu aliyemchoma pini mdudu yule vizuri, pengine kabla Biss hajazaliwa, na kwa wote waliofunga droo zile zisiingie vumbi.

*

Aliyenifundisha kuosha ni Sam Droege, ingawa yeye hanijui. Anaongoza maabara ya nyuki ya shirika la serikali ya Marekani liitwalo USGS, jimboni Maryland, na picha za maabara hiyo ni za umma, mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia bila kulipa. Mfumo wa kamera zao ulitokana na ule wa jeshi la Marekani, lililotaka askari walioko mbali waweze kutuma picha za wadudu wanaowauma ili watambuliwe. Nyuki wao wengi hukamatwa kwa bakuli za rangi zenye maji ya sabuni, kwa hiyo hufika maabara wakiwa wameshikana nywele kama paka aliyenyeshewa. Basi wanaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, wanasuuzwa, na wanakaushwa kwa mashine ya kukausha nywele mpaka manyoya yasimame. Ndipo wanawekwa mbele ya kitambaa cheusi. Wengine hutumbukizwa kwenye sanitaiza ya mikono ndani ya kikombe cha kioo, kwa sababu ule ute unamshikilia mdudu bila pini na miguu inaelea ilivyo.

Nikasema, kumbe ni sabuni. Sabuni ninayo.

Mbawakawa wangu nilimlainisha kwanza. Nilitia mchanga mbichi kwenye kopo la plastiki, matone machache ya siki ya kuzuia ukungu, nikamweka juu ya kifuniko cha soda asiguse maji, nikafunga siku mbili. Siku ya tatu miguu ilinyooka kwa ncha ya sindano bila kuvunjika. Nilisikia furaha ya kijinga, kama daktari. Nikamwosha kwa tone la sabuni na brashi ya vipodozi niliyomwomba dada yangu, ambaye hajaniuliza tena kuihusu na sitamwambia. Nikamsuuza kwa spiriti ya duka la dawa ili akauke haraka, nikamnyoosha miguu kwa pini pembeni, mbili mbili zimepishana kama mkasi, nikamwacha wiki nzima. Kopo la yogati nililikata tako likawa kivuli cha kutuliza mwanga. Nikapiga picha 46, nikazishona kwenye kompyuta ya rafiki.

Nikamwona. Kijani chake kilikuwa vishimo, maelfu ya vishimo vilivyopangwa mistari, na ndani ya kila kishimo kulikuwa na shaba kidogo. Nyuma ya kichwa palikuwa na nywele za dhahabu ambazo sikujua anazo. Nilimbeba mdudu huyu kwenye matatu nusu ya Kenya, nikalala juu yake miaka, na sikuwa nimewahi kumwona.

*

Hapo ndipo nilipopaswa kumaliza. Mhariri mmoja niliyemtumia picha aliipenda, akauliza swali dogo tu: ametoka wapi? Anataka maelezo ya chini ya picha.

Chuoni kulikuwa na fundi wa maabara, mzee wa maneno machache. Kila tulipotoka kukusanya alisimama mlangoni: "Kijana, lebo siku hiyohiyo. Usingoje kesho." Mimi: "Sawa, mzee." Lebo ni kipande cha karatasi kidogo kuliko ukucha wa dole gumba kinachochomwa kwenye pini chini ya mdudu. Mahali, tarehe, jina la aliyemkamata. Kwenye picha nzuri huwa hakionekani. Kinatolewa kwanza, kisha kinarudishwa.

Kwa nini mzee alikazania karatasi hiyo? Kuna nzi mmoja ambaye ni wetu. Mwaka 1933 alikamatwa katika kilima cha Ukasi, kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa. Ana manyoya marefu ya manjano, miguu kama buibui, na mabawa madogo yasiyoweza kurusha kitu. Mwaka 1936 alipewa jina London: Mormotomyia hirsuta. Alikamatwa tena 1948, palepale, kisha kimya. Kwa miaka zaidi ya 60 nzi huyu alikuwa miili michache mikavu kwenye pini, pamoja na neno moja: Ukasi. Watafiti walirudi mara kadhaa wasimpate. Mwaka 2010 Robert Copeland wa icipe na Ashley Kirk-Spriggs walimkuta hai ndani ya ufa wa mwamba wanamoishi popo, akizaliana kwenye kinyesi chao. Hakuna picha ambayo ingewafikisha kwenye ufa ule. Iliyowafikisha ni lebo.

Wadudu wangu 9 kati ya 23 wana lebo. Wa kijani hana. Nilingoja kesho.

Ninavyokumbuka, kuna sehemu mbili. Ama nilimtoa kinamasini, nyuma ya shamba la nyanya, wikendi niliyoenda na wavu nilioushona kwa chandarua. Au alikuja mwenyewe kwenye taa ya hosteli, kama wengine kumi. Ningependa awe wa kinamasini. Kinamasi kile kilitiwa mitaro 2022, kikajazwa kifusi, na sasa kuna vyumba vya kupangisha. Kama alitoka kule, basi nina shahidi wa mahali ambapo hapapo. Kama ni wa hosteli, nina mbawakawa msafi tu.

Nilimpigia nyanya.

"Nyanya, unakumbuka nikitafuta wadudu kule majini?"

"Nakumbuka matope uliyoniletea ndani ya nyumba, mjukuu wangu."

"Kulikuwa na mmoja wa kijani? Anang'aa hivi?"

Akanyamaza kidogo. "Hata nikikwambia ndiyo, nitakuwa nakufurahisha tu."

Nilikuwa nimeshaandika maelezo ya picha yakitaja kinamasi kwa jina. Yalikuwa sentensi nzuri, na nisingekamatwa na mtu. Lakini niliwaza mtu fulani, miaka 60 ijayo, akichimba chini ya vyumba vile vya kupangisha akitafuta mdudu ambaye labda aliishi kwenye taa ya hosteli. Nikaifuta. Kisha nikakata karatasi, nikaandika kwa kalamu nyembamba: Kenya. Kabla ya Novemba 2021. Mahali hapajulikani. Nikaongeza jina langu, kwa sababu la kukamata nililifanya mimi, na la kutoandika pia. Nikamrudishia kwenye pini.

Ndani ya bati sasa kuna vidonge vinne vya nafthalini. Chumba kizima kinanuka kabati la mama.